Mteremko Haulipiwi

Ko. Ko. Ko.

Kijiko kiligonga bati huko nje, kikanyamaza, kikagonga tena chini kidogo. Alida alifumbua macho gizani bila kujitikisa, asije akamwamsha Shimwa aliyelala kifuani kwake. Alijua kinachoendelea. Mumewe, Muhire, alikuwa amelala chali chini ya gari na kijiko cha supu mkononi, akiligonga tangi na kulisikiliza kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Kipimo cha mafuta kilikufa zamani. Palipo na mafuta bati hutoa sauti iliyoziba. Palipo patupu linalia kama debe. Na asubuhi hii lililia kama debe karibu mpaka chini kabisa.

Mlango ukasukumwa taratibu.

"Kijiko changu," Alida alisema.

"Nitakiosha."

"Jana pia ulikiosha. Mtoto kanywa uji unanuka mazutu ya gari."

"Vizuri. Atapanda milima bila kubadilisha gia."

Alida alitaka kukasirika, akacheka, kisha akakasirika kwa kuwa alikuwa amecheka. Muhire aliketi ukingoni mwa kitanda kuvua shati lililochafuka mgongoni. Aliketi kama mtu anayesubiri kuitwa, goti moja likirukaruka.

"Tunafika Ijumaa?" Alida aliuliza.

"Tutafika."

"Sijauliza kama tutafika. Nimeuliza kama mafuta yatafika."

Goti liliendelea kuruka.

Gari lenyewe lilijaza ua mzima wa nyumba yao ya Masaka, nyumba ambayo nusu ilikuwa imepigwa plasta na nusu bado inaonyesha matofali. Lilikuwa limetoka kwa kampuni ya utalii iliyokuwa ikiuza magari yake yaliyochoka: refu, la kijani, na nyuma lina mabenchi mawili marefu yanayotazamana. Kila asubuhi mabenchi hayo yalijaa watoto wa majirani, pamoja na Gwiza, mtoto wao mkubwa, Muhire akiwapeleka shule upande wa Kicukiro na kuwarudisha jioni. Wazazi walilipa muhula mzima mwanzoni. Fedha zile zikaingia kwenye matairi na bima, na kabla muhula haujafika katikati ikatangazwa bei mpya ya mafuta. Baada ya hapo ikatangazwa nyingine.

Majirani walimwita Bosi. Mwenye gari kubwa namna ile ataitwa nani tena? Kukiwa na harusi, kadi ya mchango iliyoletwa kwake ilikuwa na matumaini kuliko za wengine. Dukani, Alida alipotoa kichupa chake apimiwe mafuta ya kupikia, mwenye duka alikizungushazungusha kwenye mwanga.

"Mama Gwiza, na lile jigari lote, unanunua mafuta ya kichupa?"

"Nyumba yetu mafuta ni ya mmoja tu," Alida alimjibu. "Likinywa lile, sisi tunachemsha."

Watu dukani wakacheka. Na yeye akacheka. Akaenda nyumbani akachemsha maharage.

*

Jumatano mchana alikuja Mukankusi, muuza vitenge wa soko la Kabuga, ambaye binti yake alipanda gari lile. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa maneno, na Kiswahili chake alikiokota sokoni kwa Wakongomani, kipande huku kipande kule. Aliketi kwenye kiti alicholetewa akajipepea kwa kanga.

"Mama Gwiza, mimi sikuje kwa ubaya. Papa Ntare anasema gari iko nazeeka. Nikasema acha nikuje nijionee kwa macho."

"Gari si lile pale, Mama. Karibu ulikague."

"Mimi najua nini mu gari? Nitaangaria mapira, nitasema iko raundi." Alicheka mwenyewe, kisha akamwona Gwiza mlangoni, aliyebaki nyumbani siku hiyo kwa mafua, amemshika mdogo wake Shimwa kiunoni kama mtungi. Gwiza alikuwa darasa la kwanza, mtoto wa maneno machache, mwenye tabia ya kumwangalia mtu mpaka amalize sentensi yake. "Kuja, mwana wangu. Mutoto hadanganyi. Gari ya papa iko nzima?"

"Ndiyo."

"Nzima kabisa?"

"Tukifika kwenye mteremko tunasema wote, zima, zima, zima. Halafu inakuwa zima mpaka chini."

Mukankusi akapiga paja lake kwa furaha.

"Unasikia? Nzima mpaka chini. Hata kwa mteremko. Na wanaimba." Akamshika Gwiza shavu. "Papa Ntare akae na maneno yake. Mimi nimeshapata jibu yangu."

Alida alikuwa akimmiminia chai. Aliendelea kumimina mpaka ikafurika kikombe, ikajaza kisosi, na Mukankusi akasema polepole, "Mama, inamwagika."

Neno ni moja, lakini Alida alikulia Buyenzi, Bujumbura, ambako Kiswahili ni cha mtaani na cha nyumbani, na alikuwa ameusikia mdomo wa mwanawe vizuri. Mtoto hakusema gari ni zima, kwamba halina ubovu. Alisema gari linazimwa.

Alingoja mgeni aondoke. Akachuchumaa mbele ya Gwiza.

"Nieleze huo mchezo wa zima."

Gwiza alimtazama kwanza, kupima kama ni siri. "Tukifika pale juu, sisi tunasema zima, na baba anazima gari. Linakwenda lenyewe. Wote tunanyamaza. Atakayeongea kabla hatujafika chini ameshindwa. Ntare kila siku anashindwa."

"Na wewe?"

"Mimi sijawahi."

"Na baba?"

"Baba hachezi. Baba anashika usukani kwa mikono miwili, na hapa panamtoka maji." Aligusa juu ya mdomo wake, pale ambapo mtu mzima huwa na sharubu.

*

Muhire alirudi jua likiwa bado halijazama. Alida alimkuta karaiani, anaosha miguu.

"Unazima gari lina watoto ndani."

Muhire aliendelea kusugua kisigino. "Nani kasema?"

"Sasa weye hilo ndilo la kuuliza? Nani kasema?"

"Ni kwenye mteremko tu. Ule mmoja. Naacha ufunguo ndani, usukani haufungi."

"Na breki?"

"Breki zipo."

"Breki zipo namna gani, Muhire? Ulinifundisha wewe mwenyewe kuendesha pale kwenye uwanja wa kanisa. Ulisema injini ikizimika kanyagio linakuwa gumu kama jiwe, usishangae, simamia kwa miguu miwili. Ulisema wewe."

"Basi, si nasimamia." Alijaribu kutabasamu, tabasamu likakataa. Alikuwa amekulia Karagwe, ng'ambo ya Tanzania, na alipopaniki Kiswahili chake kilinyooka kama cha mtangazaji wa redio. "Nisikilize, mke wangu. Mlima naulipia. Tambarare nailipia. Nikisimama kwenye foleni nikitazama mgongo wa basi, naulipia mgongo wa basi. Kuna mteremko mmoja tu katika njia yote ile, Mungu kauweka bure, haulipiwi. Unataka niulipie na huo?"

"Nataka watoto wa watu wafike."

"Wanafika. Siku gani hawakufika?"

"Na uliwafanyia mchezo ili wasiseme."

Hapo Muhire alitoa miguu karaiani. Maji yaliyokuwa kwenye karai yalikuwa yamegeuka rangi ya udongo. Ni kweli mchezo aliubuni yeye. Mara ya kwanza alipozima, Ntare aliuliza kwa sauti kubwa kwa nini gari limekufa, na Muhire, bila kufikiri, akasema, "Shh. Huu ni mchezo." Siku iliyofuata watoto ndio walioanza kuudai.

"Uza gari," Alida alisema.

"Kila anayekuja kulitazama anauliza linakunywa kiasi gani. Nikimwambia anacheka, anaomba maji ya kunywa, anaondoka. Nani analitaka jitu hili sasa hivi?"

"Basi waambie wazazi waongeze."

"Jumamosi," alisema. "Baada ya umuganda watakuwa wote pale. Nitawaambia."

"Wakikataa?"

Alimwaga maji ya karai taratibu kwenye mizizi ya ndizi, yote, mpaka tone la mwisho, kama mtu aliyekuwa na kazi kubwa ya kufanya.

*

Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, mtaa wote ulitoka na majembe kwa kazi ya pamoja, kuzibua mtaro. Kazi ilipokwisha na viongozi wakamaliza matangazo yao, wazazi wa watoto wanaopanda gari walibaki kando ya mtaro, majembe mabegani. Rodney, baba yake Ntare, alikuwa amevaa buti za mvua ambazo bado zilikuwa na stika ya dukani. Alikuwa na kazi ya ofisini mjini, alikulia Uganda, na alipenda mambo yaishe haraka.

Alida alisimama nyuma kidogo, Shimwa mgongoni.

Muhire alikohoa. "Majirani, nyote mmesikia bei ya mafuta. Imepanda, ikapanda juu ya kupanda. Malipo niliyopewa mwanzoni mwa muhula hayatoshi. Ninaomba kila mzazi aongeze kidogo, tumalizie muhula vizuri."

Mtu mmoja alianza kukwangua tope kwenye jembe lake kwa kijiti.

"Bosi," Rodney alisema, si kwa ukali. "Mimi nikinunua soda kwako, nikainywa, kesho soda ikapanda, utakuja kunidai?"

Watu wakacheka. Muhire akacheka pia, meno yote nje, na kicheko kile ndicho kilichomuumiza Alida kuliko soda yenyewe.

"Hujaimaliza soda, Papa Ntare," Muhire alisema. "Bado uko katikati ya chupa."

"Lakini nililipa chupa. Nililipa fulu."

"Uza hii ndovu yako, Bosi, ununue mbuzi," Mukankusi alidakia, na kicheko kikawa kikubwa zaidi. "Mbuzi inakura majani tu. Watoto tutawafunga kwa mgongo."

"Na mbuzi naye atapanda bei," mwingine akasema.

Muhire alisubiri kicheko kiishe. Alikuwa akihamisha jembe kutoka bega hili kwenda lile. "Sio utani, jamani."

"Sawa, sio utani," Rodney alisema. Akakunja mikono, na sasa uso wake ulikuwa wa mtu anayesoma ripoti. "Basi niambie kitu kimoja. Bei ilipanda siku nyingi. Watoto wanafika kila siku. Umekuwa unafanya aje?"

"Nabana."

"Unabana wapi? Mafuta hayabanwi, si kama mkanda."

Wote walimtazama Muhire. Muhire alitazama ardhi. Na Alida akafungua mdomo.

Maneno yalikuwa tayari. Anazima gari pale kwenye mteremko, na watoto wenu wamefundishwa kukaa kimya. Maneno machache tu, hata Shimwa angeweza kuyabeba. Lakini nyuma ya maneno yale aliona mengine yanakuja. Aliona kila mzazi akimtoa mtoto wake leo hii, na kudai salio la muhula, salio ambalo sasa lilikuwa ni matairi manne yaliyokanyaga udongo nyumbani. Aliona mumewe akiitwa jina ambalo halitatoka. Aliona plasta ile ikiishia nusu ukuta milele. Labda Jumatatu watapata kazi nyingine. Labda bei itashuka, huwa inashuka. Labda.

"Mumuache," Mukankusi alisema. "Mutu ako na siri yake ya kazi. Gari iko nzima, mimi mutoto wake mwenyewe aliniambia, na mutoto hadanganyi. Ama nasema uongo, Mama Gwiza?"

Nyuso ziligeuka kwa Alida.

Alikifungua kitambaa cha mgongoni akakifunga upya, ingawa kilikuwa kimekaza. "Mtoto hakudanganya," alisema.

"Basi."

"Tutaona mwezi ujao," Rodney alisema. "Mwenye uwezo ataongeza. Si ndiyo?"

"Tutaona," wakasema wengine, na kila mtu pale alijua kwamba mtu akishasema tutaona hakuna kitakachoonekana. Wakaagana kwa mikono yenye tope. Rodney alimpigapiga Muhire mgongoni. "Bosi, usikasirike. Wewe ni mtu mzuri."

Njiani kurudi mke na mume walitembea, majembe yao yakigongana. Walipofika kwenye ua gari liliwasubiri, likiwa limewazibia mlango kama kawaida, wakapita ubavuubavu, mmoja nyuma ya mwingine.

"Uniahidi," Alida alisema kwa mgongo wa mumewe.

"Naahidi."

"Ahidi ukiniangalia."

Muhire aligeuka, lakini palikuwa pembamba kiasi kwamba hawakuweza kuangaliana vizuri. "Nimekuahidi, Alida. Sitazima."

Usiku ule Muhire alilala vizuri. Yeye Alida hakulala. Kila alipofumba macho alijiona akifunga kitambaa.

*

Jumatatu alipanda gari. Alisema anampeleka Shimwa kliniki Kicukiro, jambo ambalo lingeweza kusubiri hadi Alhamisi. Aliketi mbele, mtoto mapajani. Nyuma, watoto walijazana kwenye mabenchi wakitazamana magoti kwa magoti, Gwiza akiwa karibu kabisa na kiti cha mama yake, mkoba ameukumbatia.

Walipitia kituo cha mafuta. Muhire alimpa kijana wa pampu noti zilizokunjwa. Kijana alizikunjua moja moja, akalitazama gari kutoka taa za mbele mpaka gurudumu la akiba.

"Bosi, hii ni ya kunywesha au ya kunusisha?"

"Weka," Muhire alisema.

Pampu ilianza na kukoma karibu kwa pumzi moja. Waliondoka. Muhire aliendesha akiwa ameinamia usukani, akihesabu kimoyomoyo. Alida alijua kuwa anahesabu kwa sababu midomo ilikuwa inatikisika. Kwenda pengine yangetosha. Kurudi, hapana. Na jioni watoto wangekuwa wamesimama langoni mwa shule na mikoba yao, jua likiwashukia.

Kisha barabara ikafika kileleni, lami ikainama, na bonde lote likaonekana chini, mashamba ya mboga yakiwa bado na ukungu, pikipiki za abiria zikishuka mojamoja. Huku nyuma Ntare alianza, kwa mnong'ono kwanza, na wengine wakaitikia kwa miguu sakafuni.

"Zima. Zima. Zima."

"Leo hapana," Muhire alisema.

"Zima. Zima. Zima."

Mkono wa kulia wa Muhire ulitoka kwenye usukani, ukarudi, ukatoka tena. Vidole vikagusa ufunguo. Hakuuzungusha. Aligeuza uso akamtazama mkewe, na hakukuwa na ubishi wala ujanja machoni mwake. Kulikuwa na swali tu, swali la mtu aliyechoka kulijibu peke yake.

Alida angeweza kutikisa kichwa, na kichwa hakina gharama. Aliinamisha macho akaanza kumfuta Shimwa sikio, sikio lililokuwa safi, akalifuta kwa makini, nyuma na mbele.

Akasikia ufunguo ukizunguka.

Mngurumo ulikatika. Ukimya uliingia ndani ya gari mara moja na kujaa kama maji, na watoto wakauficha mdomo kila mmoja kwa viganja vyake. Upepo ukasikika. Mabenchi yakalia. Gari, zito na bubu, lilianza kukusanya mwendo, na Alida akahisi jambo ambalo hakuwa amelifikiria: jinsi linavyokwenda laini. Lilikuwa laini kuliko siku zote.

Katikati ya mteremko lori la matofali lilikuwa likitoka barabara ya vumbi kuingia lami, polepole, kama bibi anayevuka mto. Muhire alikanyaga. Kanyagio lilishuka kidogo likagoma. Akasimama juu yake kwa miguu miwili, makalio yakiacha kiti, mikono ikivuta usukani uliokuwa mzito kama umezikwa. Gari lilipinda taratibu mno. Ubao wa nyuma wa lori ukajaa kioo chote cha upande wa Alida, tofali moja moja likionekana, na udongo uliokauka juu ya tofali. Kioo cha pembeni kikang'oka kwa mlio mkavu. Kisha lori likawa nyuma yao, honi yake ikilia na kufifia, na mbele palikuwa na lami tupu, na mteremko ulikuwa bado haujaisha.

Hakuna aliyepiga kelele. Alida aligeuka kuangalia nyuma. Watoto wote walikuwa wameshikana, macho makubwa, na viganja bado viko midomoni. Machozi yalikuwa yakimtoka Ntare bila sauti, mabega yakitikisika, kwa sababu leo hakutaka kushindwa. Binti wa Mukankusi alikuwa amejiuma mkono. Walikuwa wamefundishwa vizuri.

Muhire alikuwa akipumua kwa mdomo. Mkono wake haukuwa umerudi kwenye ufunguo kuwasha. Alida alimtazama, akataka kusema, akaona kwamba taya zake mwenyewe zimekaza, kwamba tangu kule juu na yeye alikuwa hajatamka hata neno.

Mteremko uliendelea. Gari lilianza tena kukusanya mwendo.

Gwiza akaushusha mkono wake kutoka mdomoni, akauweka begani kwa mama yake.

"Mama," alisema kwa sauti, "mimi sitaki kucheza tena."